Mkanda wa Bluu Shingoni mwa Nyota

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Aneth alifagia ua, akachochea moto wa uji, kisha akaenda zizini kumkamua Nyota. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Nyota alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mpole kiasi kwamba hakuhitaji kufungwa miguu. Aneth aliegemeza kichwa ubavuni mwake, akasikiliza tumbo likinguruma, na maziwa yakaingia kwenye kibuyu.

Lakini asubuhi hii maziwa yaliyotoka yalikuwa kidogo mno. Aneth alikamua tena taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Hakikutoka kitu. Alipoinua macho aliona jambo lililomfanya aweke kibuyu chini. Chini ya taya la Nyota palikuwa na uvimbe laini, unaning'inia kama mfuko wa maji.

Aneth aliujua uvimbe ule. Mwaka uliopita aliuona kwa ng'ombe wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, na wote walikufa.

"Aneth!" Bibi Magreth aliita kutoka ndani. "Mtoto ameamka, analilia maziwa."

Elisha, mdogo wake, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe chake cha plastiki. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kutembea. Mama yao alifariki Elisha akiwa bado hajaanza hata kukaa, na tangu alipoachishwa maziwa ya kopo aliyokuwa akipewa na watu wa zahanati, Nyota ndiye aliyekuwa akimlisha. Bibi aliyachemsha maziwa yale kidogo, akayamimina kwenye uji wa uwele, akakoroga kwa muda mrefu ili yaonekane mengi.

"Leo yamepungua," Bibi alisema. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri siku hizi, lakini mkono wake ulijua uzito wa kibuyu.

"Kesho yataongezeka, Bibi," Aneth alijibu. Hakusema lolote kuhusu uvimbe.

Kijiji chao kilikuwa upande wa Mtinko, pembeni ya mbuga pana yenye udongo mweusi. Mvua zikiisha, mbuga ile hubaki na majani mabichi wakati kwingine kote kumekauka, kwa hiyo ng'ombe wote hushushwa huko. Lakini majani yale yalikuwa na hila. Ndani ya madimbwi yake waliishi konokono wadogo, na ndani ya konokono hao ilikua minyoo ya ini. Ikishatoka kwa konokono hujibandika kwenye majani, na ng'ombe huila bila kujua. Watu walipopasua maini ya ng'ombe waliokufa mwaka ule, waliyakuta magumu kama ngozi kavu, yamejaa minyoo bapa mithili ya majani madogo. Baba yake Aneth, Zefania, alibakiwa na ng'ombe wawili tu. Mmoja alikuwa Nyota. Wa pili, Tulia, alisalimika kwa sababu hakuwa pale.

Watu wa kule wana desturi ya tangu zamani. Ng'ombe wa mtu hawalali wote zizi moja. Mwingine hupelekwa kwa dada, mwingine kwa mjomba, ili ugonjwa ukiingia nyumba moja usimalize kila kitu. Tulia alikuwa akitunzwa na Shangazi Scola juu ya mlima, mahali pakavu pasipo konokono. Nyota na Tulia walizaliwa na mama mmoja. Wote wawili walikuwa wekundu, wote wana baka usoni, na masikio yao yalikuwa na mkato uleule wa ukoo.

Baada ya msiba ule wa ng'ombe, wataalamu wa mifugo walifika kijijini kujaribu chanjo mpya. Kiongozi wao, Daktari Peniel, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Aliwakusanya watu joshoni, mahali ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, akawaeleza bila haraka.

"Kila kiumbe hai kina maelekezo ndani yake, yanayouambia mwili ujijenge vipi," alisema. "Maelekezo hayo yanaitwa vinasaba, au DNA. Sisi tumechukua kipande kidogo sana cha maelekezo ya mnyoo wa ini. Tukimchoma ng'ombe sindano yenye kipande hicho, mwili wake unakisoma na kutengeneza kitu kidogo kinachofanana na sehemu ya mnyoo. Kinga ya mwili inakijua. Siku mnyoo halisi akija, anakuta anasubiriwa."

Mzee Simoni, aliyependa kuuliza kuliko watu wote, aliinua fimbo. "Kwa hiyo mnamtia ng'ombe mnyoo?"

"Hapana, mzee. Ni kama kumwonyesha mtu picha ya mwizi kabla mwizi hajafika."

"Na ng'ombe anajua kutazama picha?"

Watu walicheka, na Daktari Peniel akacheka nao. "Yeye hajui. Mwili wake ndio unaojua. Lakini hatuna hakika kama picha hii inatosha. Ndiyo maana tumekuja kujaribu. Nusu ya ng'ombe watapata chanjo, nusu watapata maji ya chumvi tu. Hakuna mtu hapa atakayejua yupi amepata nini. Hata mimi sitajua mpaka mwisho."

"Maji! Sasa si mnatudanganya?"

"Ningekuwa nawadanganya nisingewaambia mapema. Tusipolinganisha, tutajuaje kama chanjo imesaidia au mwaka tu ulikuwa mzuri?"

Kisha akaomba mambo machache. Ng'ombe wote wa majaribio walishwe mbugani pamoja kama kawaida. Wasihamishwe. Wasipewe dawa ya minyoo bila yeye kuambiwa. Na mnyama akiugua, mwenyewe aseme mara moja. Baba yake Aneth alikubali mbele ya wote.

Wataalamu walitaka kutoboa masikio ya ng'ombe na kuwavalisha hereni za namba, lakini wazee walikataa. Masikio yale yalikuwa na mikato ya koo zao. Kuyatoboa ilikuwa kama kuandika juu ya jina la mtu. Daktari Peniel aliwasikiliza mpaka mwisho, wala hakuwacheka. Siku iliyofuata alirudi na mikanda ya bluu ya kuvaa shingoni, kila mmoja na kibati chake cha namba. Nyota alivalishwa wake.

Siku ile Aneth alipouona uvimbe, alitembea kwenda shule na jirani yake Hana. Hana alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mwema, na mara nyingi mdomo ulitangulia.

"Hana," Aneth aliuliza, "ng'ombe wa chanjo akiugua, wanamfanya nini?"

"Hujui? Kule kwa kina mjomba wangu walifika watu kama hawa. Ng'ombe akiugua wanamchinja! Wanalipasua ini, wanatoa minyoo mmoja mmoja kwa kikoleo na kuihesabu kama maharage."

"Wanamchinja hata kama ana maziwa?"

"Wao wanataka ini, mwenzangu. Maziwa ya nini?"

Aneth hakusikia neno hata moja la somo siku hiyo. Akisema, Nyota atachinjwa. Akinyamaza, Nyota atakufa. Akimpa dawa ya dukani, atavunja ahadi ya baba yake. Naye baba alikuwa Iguguno, akifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na hurudi mara chache. Ijumaa wataalamu wangefika kupima. Aneth alijaribu kuomba, lakini kila alipofumba macho alimwona Elisha na kikombe chake.

Jioni alimwambia Bibi, "Nyota amechoka na majani ya mbuga. Nimpeleke kwa shangazi apumzike, nije na Tulia."

"Baba yako amesema?"

"Amesema," Aneth alijibu. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Bibi.

Bibi hakuona ubaya. Ndugu kubadilishana ng'ombe lilikuwa jambo la kawaida. "Basi mpeleke polepole," alisema. "Na umpelekee shangazi yako hizi karanga."

Kesho yake ilikuwa sikukuu na hakukuwa na shule, kwa hiyo Aneth alimpandisha Nyota mlimani. Safari ambayo Nyota angeimaliza kwa urahisi zamani, sasa ilimfanya asimame kila mara, ulimi nje. Shangazi Scola alipowaona alikuja kuwapokea njiani na ndoo ya maji.

"Maskini, amekondaje huyu!" alisema. "Mwache tu kwangu, Aneth. Ng'ombe wa baba yako ni ng'ombe wangu. Huku hakuna konokono, atapata nafuu."

Aneth alitaka sana kuamini hivyo. Hakufikiria kwamba minyoo iliyokwisha kuingia ndani ya ini haiwezi kuachwa mlimani wala mbugani. Humfuata ng'ombe kila aendako.

Alipokuwa akishuka na Tulia, alisimama mahali pasipo na mtu. Alitoa kwenye kikapu mkanda wa bluu aliokuwa amemvua Nyota, akamfunga Tulia shingoni. Alikosea tundu la mkanda, akaufungua na kuufunga upya. Kwa desturi yao kubadilishana ng'ombe hakukuwa kosa, ingawa baba alikuwa ameahidi kutomhamisha Nyota. Kosa kubwa lilikuwa pale, kwenye ule mkanda.

Tulia alikuwa na mimba na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Kwa hiyo usiku na asubuhi Elisha alipewa uji mtupu. Aliunywa kidogo, akausukuma, akatazama upande wa zizi. Hakulia sana, na hilo lilimuumiza Aneth kuliko kilio. Asubuhi ya pili walikuta kikombe cha maziwa mlangoni, kimefunikwa kwa jani. Mama Hana alikuwa amepita bila kubisha hodi, ili wasione haya.

Ijumaa, joshoni, ng'ombe wenye mikanda ya bluu walipitishwa mmoja mmoja. Ignas, afisa mifugo wa kata, aliwashika pembe. Benjamin, mpimaji, alichukua damu na mavi, kisha akakaa kwenye kimeza na darubini yake, akitafuta mayai ya minyoo. Ilipofika zamu ya Aneth, alisalimia kwa sauti isiyosikika.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Aneth. Loo! Huyu amenenepa!" Daktari Peniel alizungusha kamba ya kupimia kifuani mwa Tulia. Kisha akainama kutazama kiwele. "Mmeacha kumkamua?"

"Ndiyo," Aneth alisema.

"Na Elisha anakunywa nini?"

Aneth hakutegemea swali hilo. Kwamba daktari alikumbuka jina la mtoto, kwamba aliuliza habari zake katikati ya kazi, kulimfanya macho yamchome. "Tunapewa na jirani," alinong'ona.

Baadaye Benjamin aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. "Daktari, njoo uone! Mara iliyopita namba hii ilikuwa na mayai mengi sana. Leo sioni hata moja."

Watu walisogea. Mzee Simoni alipiga fimbo chini kwa furaha. "Sikuwaambia? Wa Zefania alipata chanjo yenyewe! Mimi mwakani nashusha ndama wangu wote mbugani, na dawa za minyoo sinunui tena."

"Subiri, mzee," Daktari Peniel alisema. "Ng'ombe mmoja si jibu." Lakini hata yeye alikuwa akitabasamu, na Aneth alijua kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza tabasamu hilo kwa uongo. Alitazama ndama wa Mzee Simoni waliokuwa wakicheza kando ya josho.

Siku ya Jumamosi, mchana, wataalamu wakiwa wanafunga vyombo vyao ili waende Singida mjini, Mama Hana alikuja mbio na simu mkononi. Hana alikuwa nyuma yake akisukuma baiskeli.

"Mama Zefania," alimwambia Bibi, "Scola amepiga simu. Nyota ameanguka tangu alfajiri. Hanyanyuki. Anauliza amfanye nini."

Bibi alishika mlango. "Zefania tutamwambia nini?" alisema polepole. "Na huyu mtoto tutamlisha nini?"

Aneth alimvuta Hana pembeni ya nyumba.

"Yule wa jana hakuwa Nyota," alisema. "Nilimvalisha Tulia mkanda."

"Mungu wangu! Kwa nini?"

"Si wewe ulisema wanachinja!"

"Mimi? Mimi nilisikia tu! Sikuona kwa macho yangu!"

"Ulisema wanahesabu minyoo kama maharage!"

"Maharage niliongeza mwenyewe," Hana alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Alijifuta kwa mkono wa gauni, akapanda baiskeli. "Kaa nyuma. Gari lao bado liko joshoni. Kaa, Aneth, usilie, utaniangusha!"

Walipofika, gari lilikuwa limeshawashwa. Aneth aliruka kabla baiskeli haijasimama, akaanguka kwa magoti, akainuka na kushika mlango wa gari.

"Daktari! Nyota anakufa!"

"Nyota? Tulimpima jana, mbona mzima?"

Aneth alifikiri juu ya kisu. Alifikiri juu ya Elisha. Kisha akafikiri juu ya Nyota amelala chini peke yake, hajui kwa nini aliletwa kule. Akasema yote. Alisema juu ya uvimbe, juu ya mlima, juu ya mkanda. Alisema kwamba alimdanganya Bibi. Mwishoni aliomba, "Kama lazima mmchinje, mchinjeni. Lakini kama kuna dawa, tafadhali, mpeni kwanza."

Ignas alipiga mlango wa gari kwa kiganja. "Wewe mtoto! Unajua umeharibu nini? Kazi ya mwaka mzima!" Benjamin alishika kichwa kwa mikono miwili, akatazama sanduku lenye vichupa vyake.

Uso wa Daktari Peniel ulikuwa umebadilika, na Aneth aliona wazi kwamba amemuumiza. Kisha daktari akauliza, "Anaweza kuinua kichwa?"

"Sijui."

"Ingia. Hana, na wewe ingia, utatuonyesha njia fupi. Ignas, geuza gari."

Njiani Daktari Peniel alisema mara moja tu, bila kugeuka nyuma. "Hatuchinji ng'ombe wa mtu kwa sababu ameugua, Aneth. Maini tunayoyapasua ni ya ng'ombe tunaowanunua kwa makubaliano na mwenyewe. Ng'ombe wa majaribio akizidiwa, anatolewa kwenye majaribio na anatibiwa. Hiyo ni kanuni yetu ya kwanza. Nyota angekuwa ameshapata dawa tangu jana."

Aneth aliinamisha uso magotini. Alikuwa ameficha ugonjwa kwa watu waliokuwa na dawa mkononi.

Walimkuta Nyota amelala ubavu, shingo imenyooka, macho yamefifia. Shangazi Scola alikuwa ameketi naye, akimfukuzia nzi kwa kanga. Daktari Peniel alipiga magoti vumbini, akatazama ndani ya kope. Badala ya wekundu palikuwa peupe kama karatasi.

"Damu imemwishia," alisema. "Nitajaribu. Siahidi."

Walimwinua akae kwa kifua. Benjamin, ambaye muda mfupi uliopita alishika kichwa, alijaza magunia majani akayaweka pande zote mbili ili asianguke. Kisha akavua koti lake la kazi na kuliweka chini ya taya lile lililovimba. Daktari alimnywesha dawa ya minyoo ya ini polepole, kidogo kidogo, asipaliwe. Alimchoma sindano ya kumwongezea nguvu. Ignas mwenyewe, bado amekunja uso, alikwenda kukata majani mabichi, akarudi na mzigo mkubwa kuliko ulioagizwa.

"Na maziwa yake," Daktari alisema, "hata yakitoka, mtoto asinywe mpaka niseme. Dawa hii hupita kwenye maziwa."

"Elisha atakunywa kwetu," Hana alisema haraka. "Mama hatakataa."

Gari liliondoka jua likiwa limeinama, lakini Benjamin alibaki kumwangalia Nyota. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Aneth alipanda mlima kila alipotoka shule. Nyota hakufa, lakini hakusimama pia. Kuna siku alikataa hata maji, na Shangazi Scola aligeuza uso ili Aneth asimwone akifuta machozi.

Baba alirudi kutoka Iguguno, nguo zake zikinuka mafuta ya alizeti, akapanda moja kwa moja hadi kwa dada yake. Aneth alisimama akisubiri kuchapwa. Baba alimshika Nyota pembe.

"Ungenipigia simu," alisema.

"Niliogopa, baba."

"Najua. Mzigo ule ulikuwa wangu, mwanangu. Nilikuachia ukiwa mdogo." Kisha akaongeza, "Lakini hao watu niliwapa neno langu mbele ya kijiji. Wewe mwenyewe utalirudishia heshima neno langu, mbele ya kijiji."

Asubuhi moja ya siku isiyo ya shule, Aneth akiwa bado yuko kwenye kona ya mwisho ya njia, alisikia Shangazi akipiga vigelegele. Nyota alikuwa amesimama. Miguu yake ilitetemeka kama ya ndama wa siku hiyohiyo, na Benjamin alikuwa akimsukuma kwa bega upande mmoja, akicheka na kuhema. Aneth alimkumbatia Nyota shingoni na kulia kwa sauti.

Kwenye mkutano uliofuata joshoni, Aneth alisimama mbele ya watu. Sauti yake ilikatika mara mbili, lakini alimaliza. Aliwaambia kwamba ng'ombe mnene waliyemshangilia alitoka mlimani, na kwamba Nyota aliyekula majani ya mbuga alikaribia kufa. Wengine walinong'ona. Mwingine alisema, "Watoto wa siku hizi!" Mzee Simoni alikohoa, akakohoa tena, kisha akasimama kwa msaada wa fimbo yake.

"Msimseme sana huyo binti," alisema. "Na mimi wangu mmoja nilimnywesha dawa ya dukani. Niliona anakohoa."

"Mzee Simoni!" Ignas alishangaa.

"Ndiyo, mimi. Andikeni."

Baada yake akasimama mama mmoja aliyekuwa amehamishia ng'ombe wake kwa mjomba kwa muda. Daktari Peniel aliwasikiliza wote. Hakukemea, ingawa kila aliyesimama alimwongezea kazi. Aliwatoa ng'ombe hao kwenye hesabu, na akaomba msimu mwingine mmoja.

Msimu huo ulipokwisha, alirudi na majibu. "Sasa tumefunguliwa siri ya nani alipata nini," alisema. "Ng'ombe waliopata chanjo walikuwa na minyoo michache kuliko wale wa maji. Lakini wengine waliochanjwa waliugua vilevile. Chanjo imesaidia kidogo, haijatosha. Tunarudi kuiboresha. Kwa sasa msiache dawa, na msishushe ndama kwenye madimbwi." Kisha akamtazama Aneth. "Nyota alikuwa amepata chanjo."

Aneth alihesabu jambo hilo moyoni. Chanjo haikumkinga Nyota. Kama angenyamaza, Tulia angeandikwa kuwa Nyota, na watu wangesema imemponya kabisa. Mzee Simoni naye, kwenye kiti chake, alikuwa akiwatazama ndama wake, sasa wamekuwa madume manene, na hakuuliza swali lolote.

Jioni hiyo Aneth alimsaidia Bibi kupepeta uwele uani. Elisha alikuwa amelala, ameshiba, maziwa yamemkaukia mdomoni.

"Bibi," Aneth alisema, "kwa nini watu walinisaidia, na mimi niliwakosea?"

Bibi aliweka ungo chini. "Walikuwa tayari kukusaidia tangu mwanzo, mjukuu wangu. Mama Hana alikuwa na maziwa. Daktari alikuwa na dawa. Baba yako alikuwa na simu. Hata Benjamin koti lake alikuwa nalo. Wote walikuwepo siku ile ulipouona uvimbe." Alimpapasa kichwani akaondoa kipande cha pumba kwenye nywele zake. "Mnyama akiugua, sema. Ukikosea, sema. Ukiogopa, sema hivyo pia. Shida ukiificha, hata watu wema hawajui waifuate wapi."